Saratani Metaplastiki ya Titi na Mipaka ya Jibu la Sindano

Karatasi ya majibu ya patholojia inapoeleza kwamba seli za saratani hazikuonekana, mgonjwa na jamaa zake huisoma kuwa hakuna saratani. Mara nyingi usomaji huo hauleti madhara, kwa kuwa uvimbe mwingi wa titi si saratani na sindano iliyochomwa mahali pake husema kweli. Hata hivyo kauli hizo mbili hazilingani. Ya kwanza inahusu kile kilichoingia ndani ya sindano. Ya pili inahusu uvimbe mzima. Katika nafasi iliyopo kati yake hujificha baadhi ya saratani adimu za titi. Makala haya yanaieleza mojawapo, iitwayo saratani metaplastiki, ambayo huonyesha waziwazi kile ambacho sindano inaweza kukifanya na mahali ambapo uwezo wake unakoma.

Titi limeumbwa kwa vifereji na vifuko vya maziwa vilivyotandwa seli za tezi, navyo vyote hushikiliwa na tishu unganishi pamoja na mafuta. Saratani nyingi za titi huanzia katika seli hizo za tezi, na hata zinapoharibika hubaki na sura ya ukoo wao: mtaalamu akizitazama kwa hadubini huona bado zinajaribu kujenga vifereji, ijapokuwa kwa mpangilio uliovurugika. Saratani metaplastiki nayo huanzia hukohuko, lakini sehemu ya seli zake, au zote, huiacha sura ya tezi na kuvaa sura nyingine. Baadhi hugeuka kuwa seli bapa mfano wa zile za ngozi. Nyingine hurefuka na kuchongoka ncha zote mbili kama ngalawa, zikafanana na seli za tishu unganishi. Nyingine hutengeneza gegedu, au hata mfupa, ndani ya titi. Mgeuko huo huitwa metaplasia, na ndio uliozaa jina la ugonjwa.

Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1973, pale Andrew Huvos na wenzake wa New York walipouandikia ugonjwa huu kama namna adimu ya saratani ya titi. Ilipita zaidi ya robo karne kabla Shirika la Afya Duniani halijaupa nafasi yake wenyewe katika uainishaji wa mwaka 2000. Hata sasa jina moja linafunika jamaa kadhaa wasiofanana tabia. Kwa jumla, saratani hii ni chini ya asilimia 1 ya saratani zote za titi. Daktari wa upasuaji katika hospitali ya rufaa anaweza kuhudumia wagonjwa wa saratani ya titi ya kawaida kila wiki, kisha akakaa miaka asikutane na hata mmoja wa aina hii. Na anapokutana naye, huenda asimtambue.

Ugonjwa huwapata zaidi wanawake waliovuka umri wa miaka 50, ingawa hata vijana huupata. Uvimbe hukua upesi, na si ajabu mgonjwa kueleza kwamba katika muda wa miezi michache umetoka ukubwa wa ndimu hadi ukubwa wa chungwa. Licha ya ukubwa huo, mara nyingi kwapa hukutwa halina mitoki, jambo linaloweza kumtuliza mpimaji isivyostahili. Saratani ya kawaida ya ukubwa kama huo ingekuwa imekwisha kupita kwenye tezi za limfu za kwapa. Hii huelekea zaidi kutumia njia ya damu, na mapafu ni miongoni mwa mahali inapopenda kutua. Wengi wa wagonjwa pia hukutwa na saratani isiyo na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala ziada ya protini ya HER2. Maana yake katika tiba ni nzito, kwa kuwa dawa zinazolenga vipokezi hivyo hazina pa kushika.

Picha nazo zaweza kudanganya. Saratani ya kawaida katika mamogramu huwa na kingo zenye miiba, kama nyota iliyochorwa na mtoto. Saratani metaplastiki mara nyingi huonekana kama donge la mviringo lenye kingo laini kiasi, na ultrasaundi ikaonyesha mchanganyiko wa nyama na vyumba vya majimaji. Kingo laini humfanya mtazamaji afikirie fibroadenoma, ambayo si saratani. Majimaji humfanya afikirie jipu.

Hilo la jipu linastahili kuelezwa kwa kirefu. Aina ya seli bapa hutengeneza keratini, ile ile inayojenga tabaka la juu la ngozi na kucha, na keratini hiyo hukusanyika katikati ya uvimbe pamoja na seli zilizokufa kwa kukosa damu. Sindano ikichomwa katikati hutoa uji mzito wa rangi ya manjano au kijivu, ambao kwa macho hautofautiani na usaha. Mgonjwa hupewa antibiotiki. Uvimbe hupungua kidogo kwa sababu uji umetolewa, si kwa sababu ya dawa, na baada ya wiki mbili hujaa tena. Hupewa antibiotiki nyingine. Katika nchi ambazo kifua kikuu ni kingi, kama zilivyo za Afrika Mashariki, huenda hatua inayofuata ikawa kushuku kifua kikuu cha titi, na miezi ikaendelea kuhesabiwa. Jipu la titi kwa kawaida ni ugonjwa wa mama anayenyonyesha. Huja na homa, maumivu na joto, na hupona likitolewa usaha na kutibiwa ipasavyo. Mwanamke asiyenyonyesha, aliyevuka makamo, mwenye "jipu" lisilo na homa ambalo halijapona baada ya kutolewa usaha na kumaliza kozi moja ya antibiotiki, anastahili kuchukuliwa kinyama kutoka kwenye ukuta wa jipu hilo. Usaha peke yake hautoshi kupimwa.

Kinyama hicho hupatikana kwa sindano za namna mbili, na tofauti yake si ya unene tu. Sindano nyembamba, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 0.6, hufyonza seli zilizolegea. Seli hizo hupakwa juu ya slaidi, hutiwa rangi na kusomwa siku hiyohiyo. Hayes Martin na Edward Ellis walieleza njia hiyo mwaka 1930 katika Hospitali ya Memorial, New York, lakini walioijengea heshima ni madaktari wa Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm katika miaka ya 1950 na 1960. Sindano nene, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 2, huwa na springi inayofyatuka na kukata kijiti cha nyama chembamba mfano wa njiti ya kiberiti. Sindano nyembamba humletea mtaalamu seli moja moja na makundi madogo. Sindano nene humletea kipande ambacho ndani yake seli bado zimekaa kwa majirani zao. Kwa maneno mengine, ya kwanza huonyesha matofali, ya pili huonyesha ukuta.

Vituo vingi vya nchi tajiri vimeacha kwa kiasi kikubwa sindano nyembamba katika uchunguzi wa titi. Kuiga uamuzi huo bila kufikiri hakungekuwa busara mahali ambapo mgonjwa amesafiri siku nzima kwa basi na nauli ya kurudi tena hana. Sindano nyembamba ni nafuu, haihitaji kifaa cha kufyatuka, na ikisomwa na mtu mwenye ujuzi hutambua saratani ya kawaida kwa usahihi mkubwa. Ili majibu yake yasomeke kwa namna moja kila mahali, Chuo cha Kimataifa cha Saitolojia kimeandaa mfumo uitwao Yokohama, wenye makundi matano: sampuli isiyotosha, isiyo ya saratani, isiyo ya kawaida, yenye kushukiwa, na ya saratani. Faida kubwa ya mfumo huo imo katika kundi la kwanza. Unamlazimisha msomaji wa slaidi kutamka wazi kwamba hakupata cha kusoma, badala ya kuandika tu kwamba saratani haikuonekana. Jibu la "haitoshi" si jibu zuri wala baya. Ni agizo la kurudia.

Sasa ugumu wa saratani metaplastiki waweza kueleweka. Aonjaye uji kijiko kimoja ameonja sufuria nzima, kwa kuwa uji ni mmoja juu hadi chini. Aonjaye pilau kijiko kimoja huenda akapata wali mtupu, na mwenzake akapata nyama na kiazi. Saratani hii ni pilau. Upande mmoja wa uvimbe unaweza kuwa na saratani ya tezi iliyo dhahiri, upande mwingine seli ndefu, upande wa tatu gegedu, na katikati uji wa seli zilizokufa. Sindano ikipita upande wa kwanza, jibu litakuwa "saratani ya titi" bila kutajwa aina. Ikipita upande wa pili, mtaalamu ataona seli ndefu chache, kwa sababu tishu ya namna hiyo huachia seli zake kwa ubahili, na huenda akaandika kuwa sampuli haitoshi. Ikiingia katikati, hakuna seli hai ya kusomwa.

Ziko alama zinazomsaidia mwenye jicho lililozoea. Katika slaidi iliyokaushwa kwa hewa na kutiwa rangi ya Giemsa, ute wa gegedu hung'aa kwa rangi ya zambarau yenye wekundu, na rangi hiyo katika titi yapaswa kumfanya msomaji asimame na kutafakari. Katika slaidi iliyozamishwa kwenye alkoholi mara moja na kutiwa rangi ya Papanicolaou, seli bapa zenye keratini huonekana kwa rangi ya chungwa. Ndiyo maana ni desturi njema kuandaa slaidi za namna zote mbili kwa kila mgonjwa. Alama iliyo na uzito zaidi ni kuwapo kwa mchanganyiko: seli za tezi zilizo wazi kuwa za saratani, na kando yake seli bapa, seli ndefu au ute wa gegedu. Mchanganyiko huo ukionekana, sindano nyembamba yaweza kutaja ugonjwa kwa uthabiti wa kutosha. Usipoonekana, kinachobaki ni shuku, na shuku hiyo haina budi kuandikwa katika jibu.

Hapo ndipo sindano nene inapohitajika, nayo ina masharti yake. Mgonjwa hupigwa ganzi, ngozi hutobolewa kidogo kwa wembe wa upasuaji, na sindano huongozwa kwa ultrasaundi ili daktari aone ncha inakoelekea. Shabaha ni ukingo wa uvimbe wenye nyama hai, na ukuta wa vile vyumba vya majimaji, katikati paachwe. Vijiti visipungue vinne, na vitoke pande tofauti. Mwenye kufyatua mara nne katika tundu moja na mwelekeo mmoja amechota kijiko kilekile mara nne.

Baada ya hapo hatima ya kinyama iko mikononi mwa watu ambao mara nyingi hawatajwi katika vitabu. Kichupa kiwe na formalini iliyosawazishwa ya asilimia 10, kwa ujazo wa takriban mara kumi ya kinyama chenyewe, na kinyama kitiwe humo ndani ya saa moja tangu kutolewa. Kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Maji ya chumvi hayafai, kwa kuwa humo seli huendelea kuoza. Kinyama kilichotolewa Ijumaa alasiri kikaachwa kaunta hadi Jumatatu, au kilichobebwa na ndugu wa mgonjwa ndani ya mkoba kikizunguka naye kutafuta maabara yenye nafuu, kinaweza kufika na umbo lake likiwa bado linasomeka lakini vipokezi vyake vimekwisha kuharibika. Mgonjwa ataandikiwa kwamba hana vipokezi vya homoni kumbe anavyo, na atakosa dawa ambayo ingemfaa kwa miaka. Kwa sababu hiyo saa ya kutolewa kinyama na saa ya kutiwa katika formalini ziandikwe kwenye fomu. Hilo halihitaji fedha.

Maabara ikikipokea, hukigandisha katika nta ya parafini, hukikata vipande vyembamba na kuvitia rangi. Mtaalamu wa patholojia akiona seli ndefu zenye sura mbaya katika kinyama cha titi, ipo kanuni ya kazi ambayo wenye uzoefu hawaiachi: hiyo ihesabiwe kuwa saratani metaplastiki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wapo wengine wanaoweza kufanana nayo. Mshindani mkuu ni uvimbe wa filodesi ulio mbaya, ambao huanzia katika tishu unganishi ya titi na si katika tezi. Saratani za tishu unganishi zinazoanzia zenyewe ndani ya titi ni nadra kuliko zote mbili.

Kutofautisha hutegemea vipimo vya kingamwili. Kingamwili iliyotengenezwa ili kushika protini fulani hufungwa pamoja na kemikali ya kutoa rangi, kisha humwagwa juu ya kipande cha kinyama. Protini ikiwapo, seli huonekana za kahawia. Sitokeratini ni protini ya seli za tezi na za ngozi. Seli ndefu zikikutwa nazo, zimefichua asili yao: ni watoto wa tezi waliobadili mavazi. Protini ya p63 husaidia kwa namna hiyohiyo. Kingamwili ya CD34 hushika mara kwa mara katika uvimbe wa filodesi na kwa kawaida haishiki katika saratani metaplastiki. Lakini pana mitego miwili. Kwanza, saratani hii huonyesha sitokeratini kwa mabaka, na mara nyingine huonyesha aina moja na kuificha nyingine. Kipimo kimoja kilichotoka hasi hakikani kitu, na ni lazima kutumia sitokeratini za aina kadhaa. Pili, uvimbe mbaya wa filodesi nao waweza kuonyesha mabaka madogo ya sitokeratini au p63, na katika kinyama cha sindano doa moja halitoshi kutoa hukumu. Kila kipimo hula kipande kimoja cha kinyama, na kijiti cha milimita 2 si mkate wa kukatwa bila kikomo. Maabara yenye busara hupanga vipimo vyake tangu mwanzo, vikiwemo vya vipokezi, ili kinyama kisije kikaisha kabla ya maswali.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini majina haya yasumbue watu, ikiwa uvimbe wote huu mwisho wake ni kisu. Jibu limo katika yale yanayotangulia na yanayofuata kisu. Filodesi mbaya hutibiwa kwa kuondolewa pamoja na ukanda wa nyama salama kuizunguka, na kwa kawaida kwapa haliguswi, wala mgonjwa hapewi dawa za kemikali kama utaratibu wa kawaida. Saratani metaplastiki ni saratani ya titi: tezi za kwapa huchunguzwa, na dawa za kemikali na mionzi huingia katika mpango. Aidha, kwa saratani nyingi zisizo na vipokezi ni desturi kuanza na dawa ili uvimbe upungue kabla ya upasuaji. Saratani metaplastiki hupungua kwa dawa hizo mara chache zaidi, na mingine huendelea kukua wakati dawa zikiendelea. Kikao cha wataalamu kinaweza kuamua kuanza na upasuaji ikiwa uvimbe bado waweza kuondolewa wote. Na kikiamua kuanza na dawa, basi uvimbe upimwe kila baada ya dozi, usiachwe hadi mzunguko wa mwisho. Uamuzi wa namna hiyo hauwezekani kama karatasi ya majibu imeandikwa "saratani ya titi" na basi.

Kwa upande mwingine, wapo jamaa wawili wapole katika ukoo huu. Mmoja ni ile aina ya tezi na seli bapa ya daraja la chini. Wa pili hufanana na fibromatosi, yaani seli ndefu tulivu ambazo kwa hadubini zaweza kudhaniwa kovu la kawaida. Hawa hukua polepole na ni nadra kusambaa, ingawa hurudi palepale wasipoondolewa vizuri. Mwenye aina hizi aweza kutibiwa kwa upasuaji pekee na kuepushwa dawa kali ambazo hazingemsaidia. Kwa hiyo kusema tu "metaplastiki" nako hakujamaliza kazi. Aina ndani ya aina yapasa kutajwa.

Haya yote hurejea kwenye kanuni ambayo madaktari wa matiti huiita uchunguzi wa njia tatu: mkono wa mpimaji, picha, na sindano. Wengi huikariri kama orodha ya mambo ya kufanya, ilhali nguvu yake imo katika kulinganisha. Mashahidi watatu wakisema neno moja, hukumu yaweza kutolewa kwa utulivu. Mmoja akisema tofauti, kesi haijaisha, hata kama huyo mmoja ni sindano. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 54 ambaye uvimbe wake umeongezeka maradufu kwa miezi mitatu. Ultrasaundi imeonyesha donge lenye nyama na majimaji, na sindano nyembamba imeleta "seli za uvimbe wa kuambukizwa, hakuna saratani". Mkono unasema hatari, picha inasema shuku, sindano inasema salama. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumpa sindano kura ya turufu kwa kuwa imetoka maabara na imepigwa muhuri. Kinachopasa ni kurudia kwa sindano nene chini ya ultrasaundi, na ikiwa bado majibu hayaoani, uvimbe ukatwe sehemu au uondolewe wote kwa ajili ya uchunguzi. Kumwambia arudi baada ya miezi sita ni kumpa saratani hii muda inaoutaka.

Muda wenyewe una kipimo chake. Katika Mpango wa Dunia wa Saratani ya Titi uliozinduliwa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku hizo zinahesabu sindano, kinyama, vipimo vya vipokezi na picha. Kwa mgonjwa aliyetumwa na zahanati kwenda hospitali ya wilaya, kisha mkoa, kisha rufaa, siku 60 hupita barabarani. Kozi tatu za antibiotiki zinazimaliza bila mtu kutambua.

Lipo pia jambo linalowafanya wagonjwa wenyewe kuchelewa, nalo ni hofu kwamba sindano huuchokoza uvimbe na kuutawanya. Hofu hiyo haikutoka hewani. Watu wamemwona jirani aliyechomwa sindano, kisha hali yake ikawa mbaya baada ya miezi michache, wakaunganisha mambo hayo mawili. Yasiyoonekana ni kwamba jirani huyo alifika ugonjwa ukiwa mkubwa, na kwamba baada ya sindano huenda hakurudi kwa tiba. Kisayansi, ni kweli kwamba seli chache zaweza kusogezwa katika njia ya sindano. Wataalamu wa patholojia huziona. Lakini tafiti za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka hazikuonyesha kuwa sindano hupunguza uhai wao, na njia hiyo kwa kawaida huondolewa pamoja na uvimbe au hupigwa mionzi baadaye. Madhara yanayotarajiwa ni maumivu kidogo na vilio la damu chini ya ngozi. Mgonjwa aelezwe hayo kabla ya kuchomwa, kwa lugha anayoielewa, na mume au dada aliyemsindikiza akiwepo iwapo mgonjwa mwenyewe ameridhia, maana mara nyingi uamuzi hufanyika nyumbani na si kliniki.

Mgonjwa naye ana ya kuuliza, na hakuna muuguzi wala daktari apasaye kuchukizwa na maswali yake. Je, jibu linasema uvimbe si wa saratani, au linasema sampuli haikutosha? Je, linaoana na picha? Aina ya saratani imetajwa? Vipokezi vimepimwa? Bonge la nta lililohifadhi kinyama chake liko wapi? Swali hili la mwisho huonekana dogo hadi siku anapohamishiwa hospitali nyingine, ambapo wataalamu watataka kukisoma kinyama upya au kuongeza vipimo. Bonge hilo likitunzwa vizuri hudumu kwa miaka mingi, na laweza kumwepusha na sindano ya pili. Namba yake huwa imeandikwa kwenye karatasi ya majibu, kwa hiyo karatasi hiyo itunzwe pamoja na picha zote, za zamani na mpya.

Kwa daktari anayejaza fomu ya maabara, mistari mitatu yatosha kubadili usomaji wa kinyama: umri wa mgonjwa na kama ananyonyesha, kasi ya kukua kwa uvimbe, na picha ilionyesha nini. Mtaalamu wa patholojia anayepokea kichupa chenye neno "titi" peke yake hana cha kulinganisha na anachokiona, na akiona keratini na usaha ataandika alichokiona. Akijua kwamba usaha huo umetoka kwa mwanamke wa miaka 54, kwenye uvimbe ulioongezeka maradufu kwa miezi mitatu, atakata vipande zaidi kutoka bonge lilelile kabla ya kusaini. Na uvimbe utakapoondolewa wote, jibu la sindano lisichukuliwe kuwa neno la mwisho: utasomwa upya sehemu kwa sehemu, vipokezi vitarudiwa ikiwa sura yake imetofautiana na ya kijiti cha kwanza, na ikiwa aina imebadilika, mpango wa tiba urejeshwe kikaoni kabla ya dozi inayofuata.